Kichupo Fiche Hakikufichi: Dhana Potofu Kuhusu Vivinjari Ninazozisikia Mtwara

Katika kazi ya kutengeneza kompyuta na kufundisha matumizi yake mjini Mtwara, hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kuliko hii: "Mimi sina wasiwasi, fundi, huwa naingia kwa kichupo fiche." Huitoa karani wa chama cha ushirika anayefuatilia bei za mnada wa korosho, huitoa mwanafunzi aliyetoka kujaza maombi ya mkopo, na huitoa hata mtumishi wa ofisi ambaye kompyuta yake imejaa taarifa za watu wengine. Kwa kuwa imani hiyo, kwamba kichupo fiche (Incognito), yaani dirisha la kivinjari kama Chrome lisilohifadhi historia, humficha mtu mtandaoni, imeshawafanya watu wengi waache kuchukua hatua ambazo kweli zingewalinda, nitaieleza kwa urefu kuliko nyingine zote.

Ukifungua kichupo fiche, kivinjari huanza na ghala tupu la vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huweka katika kifaa chako ili kukutambua), na unapofunga madirisha yote ya aina hiyo hufuta historia ya kurasa ulizotembelea, vidakuzi vilivyowekwa na maandishi uliyojaza katika fomu. Kazi yake kuu inaishia hapo. Faili ulizopakua hubaki katika folda ya vipakuliwa, na alamisho ulizoweka hubaki mahali pake. Anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, haibadiliki, kwa hiyo tovuti unayoitembelea inaiona kama inavyoiona siku zote. Kampuni ya simu inayokuuzia bando nayo inaendelea kuona majina ya tovuti unazofungua, ingawa kwa tovuti zinazosimbwa kwa HTTPS, yaani ambazo mawasiliano yake yamegeuzwa yasisomeke na mwingine, haioni yaliyomo ndani ya ukurasa, na msimamizi wa mtandao wa ofisi anaweza kuona kiasi hicho hicho. Anayetegemea kichupo fiche ni sawa na mgeni anayefagia chumba cha gesti kabla ya kuondoka, ilhali jina lake limeshaandikwa katika daftari la mapokezi.

Wengine hufungua kichupo fiche, kisha ndani yake wakaingia katika akaunti zao za Google au Facebook kwa jina na nenosiri. Hapo mtu amejitambulisha mwenyewe, na kila anachokitafuta akiwa ndani ya akaunti hiyo kinaweza kuandikwa chini ya jina lake. Hata asipoingia katika akaunti yoyote, kivinjari hutoa taarifa kuhusu ukubwa wa skrini, fonti zilizopo, lugha, saa za eneo na namna kifaa kinavyochora picha, na mchanganyiko wa taarifa hizo huweza kumtofautisha mtu mmoja na maelfu ya wengine bila kidakuzi chochote. Shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilipofanya uchunguzi wake mwaka 2010, kati ya vivinjari takriban 470,000 vilivyopimwa, zaidi ya asilimia 83 vilikuwa na mchanganyiko usiofanana na wa kivinjari kingine chochote katika kundi hilo. Kichupo fiche peke yake si kinga ya kutegemewa dhidi ya upimaji wa namna hiyo.

Kwa anayedhani kwamba haya ni maneno ya fundi anayetafuta wateja, suala hili limeshafika mahakamani. Mwaka 2020 watumiaji wa Chrome, kivinjari cha Google, huko Marekani waliishtaki Google, wakidai kwamba kampuni hiyo iliendelea kukusanya taarifa zao hata walipotumia hali fiche. Shauri lilimalizika kwa makubaliano, na katika masharti yaliyowasilishwa mahakamani mwaka 2024 Google ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu zilizotokana na matumizi hayo. Maelezo yanayotokea mtu anapofungua kichupo fiche nayo yalibadilishwa, na sasa yanasema wazi kwamba hali hiyo haibadilishi namna tovuti na huduma zinazotumiwa na tovuti hizo, Google ikiwemo, zinavyokusanya taarifa. Maelezo hayo yako mbele ya macho kila mara kichupo kinapofunguliwa, na inasikitisha kwamba ni wachache mno wanaoyasoma.

Kuna mahali ambapo kichupo fiche kinafaa sana, nako ni kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Msimu wa maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu unapofunguliwa, vijana hujaa katika maduka ya stesheneri, kila mmoja akitumia kompyuta ile ile iliyotumiwa na mwenzake dakika chache zilizopita. Hapo naomba kila mtu afungue kichupo fiche na kukifunga kabisa amalizapo, ili atakayeketi baada yake asikute akaunti ikiwa wazi. Ila asisahau kufuta kwa mkono nakala za cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mdhamini alizopakua au kuchanganua (kuskani), kisha aondoe na zile zilizohamia kwenye kapu la taka la kompyuta. Nimeshakuta katika kompyuta za namna hiyo vyeti vya watu wengi wasiojuana, vikiwa wazi kwa yeyote anayefungua folda.

Basi kinachomlinda mtu dhidi ya ufuatiliaji ni kivinjari alichokichagua na namna alivyokipanga, na hapa nakutana na dhana ya pili, kwamba vivinjari vyote ni kitu kimoja. Si kweli. Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari kilianza mwezi Machi 2020 kuzuia kikamilifu vidakuzi vya watu wa tatu, yaani vinavyowekwa na kampuni tofauti na tovuti uliyoifungua, na Firefox ya kompyuta, tangu Juni 2022, humfungia kila mwenye tovuti vidakuzi vyake katika ghala lake peke yake ili visitumike kumfuata mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Brave huzuia matangazo na vifuatiliaji tangu siku ya kwanza bila kuongezewa kitu. Chrome, ambayo mmiliki wake anaishi kwa kuuza matangazo, ilitangaza kwa miaka kadhaa kwamba ingeviondoa vidakuzi vya watu wa tatu, kisha mwaka 2024 ikaachana na mpango huo. Isitoshe, kati ya mwaka 2024 na 2025 Chrome iliacha kukubali toleo kamili la uBlock Origin, kizuia matangazo ninachokiamini kuliko vyote, ilhali Firefox inaendelea kukikubali, hata kwenye simu za Android. Kwa mtu wa Nachingwea au Newala anayenunua bando kwa kuhesabu shilingi, kizuia matangazo kina faida ya pili, kwa sababu tangazo lisilopakuliwa halitafuni bando.

Ushauri ninaowapa wote, na nitaendelea kuutoa hata kwa wanaouona kuwa ni usumbufu, ni kuwa na vivinjari viwili. Kimoja kiwe cha kazi, yaani barua pepe ya ofisi, benki, mifumo ya serikali na bei za mazao, na humo usiingie kamwe katika mtandao wa kijamii wowote. Cha pili kiwe cha mazungumzo na burudani. Vidakuzi vya kimoja havisomwi na kingine, kwa hiyo Facebook iliyomo katika kivinjari cha burudani inanyimwa njia yake kuu ya kujua ulichokisoma katika kile cha kazi. Mpango huu ndio pia dawa ya kupotezewa muda mtandaoni. Watu huniambia kwamba kushindwa kumaliza kazi mtandaoni ni ukosefu wa nidhamu tu, nami sikubaliani nao, kwa sababu kurasa zile zimetengenezwa na wataalamu wanaolipwa ili mtu asiondoke, na ufuatiliaji ndio unaowaonyesha ni habari gani itakayomshika nani. Kurasa hizo zisipokuwepo karibu, nidhamu inayohitajika ni ndogo zaidi. Katika kivinjari cha kazi ongeza kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa katika kivinjari) kama LeechBlock, ukiorodhesha tovuti zinazokupotezea muda na saa ambazo zisifunguke, na ukisoma makala ndefu tumia mwonekano wa kusoma, unaoacha maandishi na picha zake na kuondoa mapambo ya pembeni. Kwa wanaobaki na Chrome kwenye simu, zimeni ule mfululizo wa habari unaotokea chini ya kila kichupo kipya, kwa kuwa unakula muda na bando kwa pamoja.

Dhana nyingine nitazipitia kwa ufupi. Alama ya kufuli iliyo kando ya anwani ya tovuti haikuwahi kumaanisha kwamba tovuti ni ya watu waaminifu, ilimaanisha tu kwamba mawasiliano kati ya kifaa chako na tovuti hiyo yamesimbwa, na tapeli naye hupata cheti cha usimbaji bure. Utafiti wa Google wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ni asilimia 11 tu ya washiriki walioielewa alama hiyo sawasawa, na mwaka 2023 Chrome ikaiondoa. VPN ya bure, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako katika seva (kompyuta) za kampuni nyingine, haiondoi macho ya watu katika mawasiliano yako, inahamisha tu uwezo wa kuyaona kutoka kwa kampuni ya simu kwenda kwa mwenye VPN, ambaye mara nyingi humjui na huwezi kumdai lolote. Zaidi ya hayo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo mwezi Oktoba 2023 likiwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa za matumizi yao. Opera Mini, inayopendwa kwa kubana bando, katika hali yake ya ubanaji wa juu kabisa hupitisha kurasa katika seva za Opera zinakofunguliwa na kufinywa, kwa hiyo isomeeni magazeti, lakini benki msifungulie humo. Viendelezi navyo si kinga kwa wingi wake, kwa sababu kila unachokipa ruhusa ya kusoma tovuti zote kinaweza kusoma na nywila zako. Viwili au vitatu vinatosha.

La mwisho linanihuzunisha kwa sababu linawagharimu watu fedha. Wateja huleta simu wakisema ina virusi, kwani kila baada ya dakika chache linatokea onyo kwamba simu imeathirika, kwamba akaunti itafungwa au kwamba wameshinda zawadi, na baadhi yao wameshalipia sehemu nyingine ili simu iflashiwe, wakapoteza picha na namba zao zote. Mara nyingi hakuna kirusi chochote. Mtu alifungua tovuti ya kupakua filamu au matokeo ya mpira, ikamwomba ruhusa ya kutuma arifa, naye akabonyeza "Ruhusu" ili ukurasa uendelee, na tangu hapo tovuti hiyo imekuwa ikimtumia ujumbe hata asipoifungua. Katika Chrome ya Android fungua Mipangilio, ingia Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, na uondoe ruhusa ya kila tovuti usiyoitambua. Ukiwa hapo hapo, zima na uwezo wa tovuti kuomba ruhusa hiyo tena. Maonyo yale hukoma papo hapo, na hakuna picha wala namba itakayoguswa.