Unukuzi wa muziki, na John Work III asiyetajwa

Unukuzi wa muziki ni kazi ya kusikiliza wimbo unaoimbwa kwa mdomo na kuuandika kwa nota pamoja na maneno yake, ili hata ambaye hajawahi kuusikia aweze kuusoma na kuuimba. Kurekodi ni kazi nyingine. Mashine hunasa chochote kinachopita mbele yake, hata kikohozi. Anayenukuu lazima aamue: hapa mwimbaji amevuta pumzi tu, au mstari umeisha? Sauti ile imeteleza, au ameitelezesha kwa makusudi?

Chukua bluzi, muziki uliozaliwa kwa Waamerika Weusi. Aliyewahi kuimba kwaya anaijua do, re, mi. Katika bluzi ile mi hushushwa kidogo, ikaning'inia katikati, na pengine huanzia chini ikapanda taratibu. Nota za kawaida hazina mahali pa kuiweka. Mnukuzi asiyeuelewa muziki huo atairekebisha akidhani mwimbaji amekosea, na hapo wimbo umeshaharibika.

John Wesley Work III hakuwa mtu wa kufanya kosa hilo. Alizaliwa Tennessee mwaka 1901, akafundisha muziki Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, ambako baba yake naye alikusanya nyimbo za kiroho za Waamerika Weusi. Mwaka 1940 alitoa kitabu chenye nyimbo 230 za watu wake.

Mwaka huohuo moto uliunguza ukumbi wa dansi huko Natchez, Mississippi, ukaua watu zaidi ya 200, wengi wao vijana Weusi. Work alitambua kwamba msiba mkubwa kiasi hicho ungezaa nyimbo, akaomba kwenda kuzikusanya. Ombi lake lilikua likawa mradi wa pamoja wa Fisk na Maktaba ya Bunge la Marekani, eneo likahamishiwa wilaya ya Coahoma, jimbo hilohilo, nayo maktaba ikamtuma Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, na mashine ya kurekodi sauti kwa kuichonga kwenye sahani za santuri.

Agosti 1941, katika shamba la Stovall, wawili hao walimrekodi dereva wa trekta aitwaye McKinley Morganfield, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Muddy Waters, nyota wa bluzi. Alipoulizwa kuhusu wimbo wake mmoja, alisema aliutunga akiziba pancha ya gari. Rekodi zile zilipata umaarufu, na sifa karibu zote zikamwendea Lomax. Kitabu cha Lomax cha mwaka 1993 kuhusu safari hizo kinamgusa Work kwa shida. Huko ni kumnyima mtu haki yake, kwa sababu wazo la kwenda Mississippi lilianzia kwa Work.

Alichofanya Work ni kukaa na zile sahani na kuandika nota, wimbo baada ya wimbo, kisha akaongeza maelezo juu ya mahubiri, nyimbo za kazi, bluzi na michezo ya watoto. Wenzake wa Fisk, Lewis Jones na Samuel Adams, waliandika kuhusu maisha ya watu wenyewe. Muswada wa kazi yao haukuchapwa. Miongo kadhaa baadaye mwandishi Robert Gordon, akichunguza maisha ya Muddy Waters, aliukuta ndani ya nyaraka za Lomax huko New York. Yeye na Bruce Nemerov wakauhariri, ukatoka mwaka 2005, Work akiwa amekufa tangu 1967.

Kinachonivutia zaidi katika kazi yake ni kwamba hakutafuta ya kale peke yake. Muziki wa watu aliuona kuwa kitu kinachoendelea kutungwa, kwa hiyo nyimbo mpya za makanisani alizipa uzito uleule. Na alikuwa na rekodi zake mwenyewe: mwaka 1942, Nashville, aliwarekodi Nathan Frazier kwenye banjo na Frank Patterson kwenye fidla, wanamuziki Weusi wa vyombo vya nyuzi, aina ya muziki ambao kampuni za santuri zilikuwa zikiwauzia wanunuzi kama muziki wa Wazungu. Mwaka 2007 ilitolewa albamu ya rekodi alizofanya Work mwenyewe.