Maelezo yaliyoharibiwa: kesi ya wajenzi wa Shrewsbury

Swali ninaloulizwa sana kuhusu kesi hii, ya wajenzi wa Uingereza waliotiwa hatiani kwa mgomo miaka ya 1970 na hatia zao kutenguliwa mwaka 2021, ni fupi: walionewa, au waliponea kwenye kasoro ya utaratibu tu? Mimi nasema walionewa, na kasoro yenyewe si ndogo kama inavyosikika.

Mwaka 1972 wajenzi wa Uingereza waligoma nchi nzima kwa majuma kumi na mawili. Walidai ujira bora, na walidai pia mwisho wa mtindo wa kuwachukua vibarua kwa malipo ya mkupuo, bila mkataba wala kinga. Septemba 6, wagomaji kutoka kaskazini mwa Wales walipanda mabasi hadi miji ya Shrewsbury na Telford, wakapita kwenye maeneo ya ujenzi kuwashawishi wenzao waweke vifaa chini. Sikatai kwamba rabsha ilitokea na vitu viliharibiwa. Lakini polisi walikuwepo na hawakumkamata hata mmoja. Kamatakamata ilikuja miezi mitano baadaye.

Hapo ndipo ujanja ulipo. Sheria ya mwaka 1875 ilikuwa na kosa la kuwatia watu hofu wakati wa mgomo, na adhabu yake ilikuwa kifungo kisichozidi miezi mitatu. Upande wa mashtaka ukashtaki *njama* ya kutenda kosa hilohilo, na njama haikuwa na kikomo cha adhabu. Desemba 1973 wagomaji watatu wakafungwa: Des Warren akahukumiwa miaka mitatu, Ricky Tomlinson miwili, John McKinsie Jones miezi tisa. Warren aliiambia mahakama kwamba njama ilikuwepo, ila si ya wagomaji.

Sasa tuje kwenye maelezo ya mashahidi. Hofu haipimwi kwa rula. Inategemea shahidi alivyosimulia, na aliposimulia kwa mara ya kwanza. Shahidi akisema leo "walipita, wakaondoka", kisha baada ya miezi aseme "niliogopa sana", wakili yeyote mwenye akili atasimama kwenye tofauti hiyo na hatatoka hapo mpaka jioni. Mawakili wa washtakiwa wa Shrewsbury hawakuipata nafasi hiyo. Hati ya kumbukumbu ya Septemba 1973, iliyokuja kuibuliwa na mtafiti Eileen Turnbull kwenye Nyaraka za Taifa, inasema wazi kwamba baadhi ya maelezo ya awali yaliyoandikwa kwa mkono yaliharibiwa baada ya mapya kuchukuliwa. Inaongeza kwamba mengi ya yale ya awali yalichukuliwa kabla mashahidi hawajaonyeshwa picha, na kabla maofisa hawajajua upande wa mashtaka unataka kuthibitisha nini. Niliposoma sentensi hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimeisoma vibaya. Yaani yaliyopotea ni maneno ya shahidi ambaye bado hajaelekezwa popote.

Machi 23, 2021, Mahakama ya Rufaa ilitengua hatia za wanaume 14 kwa sababu hiyo. Hoja ya pili, kwamba televisheni ilirusha kipindi cha kuwachafua wanaharakati wa mrengo wa kushoto wakati kesi ikiendelea, ilikataliwa. Hapo sina ugomvi na majaji.

Wapo wanaosema kutengua si kutangaza mtu hana hatia. Kisheria wako sawa. Lakini upande uliouficha uharibifu wa ushahidi ndio huohuo unaonufaika tukisema leo hatuwezi kujua, na mimi sioni kwa nini shaka hiyo aibebe mshtakiwa.

Bunge, kwa njia yake, lilishatoa jibu mapema kuhusu njama. Sheria ya Jinai ya mwaka 1977 iliweka kwamba adhabu ya kula njama isizidi ile ya kosa lililopangwa. Warren alikuwa ametoka gerezani mwaka mmoja kabla.