Blugili akiwa kiotani: kumvua kwa nzi bandia majira ya kuchipua

Ukitaka kumvua blugili, samaki mdogo wa ziwani wa Amerika Kaskazini, kwa nzi bandia (ndoana iliyopambwa ifanane na mdudu), nunua kipimajoto kabla ya kununua nzi. Maji ya kando yakifika nyuzi 19 au 20 za Selsiasi, ambayo hapa Minnesota, Marekani, huwa mwishoni mwa Mei au mapema Juni, madume husogea kwenye kina kifupi na kuanza kuchimba viota. Vaa miwani ya kukata mng'ao, angalia kivuli chako kisianguke majini, na utaona mabaka ya duara yamebanana mchangani, meupe kama sahani. Kila duara lina dume lake, anapepea kwa mkia tope lisikalie mayai. Waliokulia kando ya Ziwa Victoria watamkumbuka sato, ambaye naye huchimba kiota. Ila sato jike huondoka na mayai mdomoni; kwa blugili, ulezi wote ni wa baba.

Ufito mwepesi wa namba 3 au 4 unatosha; namba hiyo hutaja uzito wa mshipi unaoufaa. Nzi hana uzito wa kurushika, kwa hiyo kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito kiasi, na mwishoni unafunga uzi mwembamba usioonekana. Mimi hutumia buibui wa sponji mwenye miguu ya mpira, ndoana namba 10. Ukiweka kubwa zaidi, blugili na kimdomo chake ataishia kung'ata miguu tu.

Mwangushe buibui pembeni ya kiota, halafu tulia. Viwimbi viishe vyote. Ndipo uvute mshipi kidogo sana, miguu itikisike. Dume atapanda taratibu, atasimama chini yake akimkagua, kisha utasikia mfyonzo mdogo: chwa! Inua ufito kwa upole. Ukikurupuka umemnyang'anya.

Hapa sasa ndipo ninapogombana na watu. Dume mkubwa aliye kiotani ni rahisi kumvua kwa sababu anafukuza mvamizi, hata kama hana njaa. Ukimtia ndooni, samaki wengine wanayavamia mayai yake papo hapo. Na madume wakubwa wakiisha, wadogo hawana haja ya kusubiri wakue: wanapevuka mapema, nguvu inakwenda kwenye uzazi badala ya mwili, na ziwa linabaki na samaki wa kiganja. Ndiyo maana kikomo cha jimbo, ambacho kwa kawaida ni samaki 20 kwa siku, kimeshushwa hadi 10 au 5 kwenye baadhi ya maziwa. Binafsi ningekishusha kwingi zaidi.

Basi bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla hujarusha, ichomoke kirahisi. Mshike kwa kulilaza pezi la mgongo kuelekea mkiani, maana miba yake inachoma, mchomoe ndoana akiwa majini na umwache aende. Wa kukaanga chukua wa wastani, sentimita 17 au 18, tena wale wanaozurura nje ya viota. Wapare magamba, wachanje mbavuni, chumvi na ndimu, mafuta yawe ya moto kwelikweli.