Babu yako alikuwa Keya? Tafuta batalioni kwanza

Watu wa Lamu na Malindi wanaotafuta habari za babu aliyepigana vitani hunijia na jina. Wameliandika vizuri, jina la babu, la babake na la babu yake, na wanataka nilifuate Nairobi au London. Mimi huliweka kando nikauliza alikuwa kikosi gani. Jibu huwa moja: "Alikuwa Keya."

Keya ni King's African Rifles, jeshi la askari wa miguu lililoundwa mwaka 1902. Lakini huku kwetu Keya amekuwa kila aliyevaa kaptula ya kaki ya Mwingereza. Dereva wa lori wa East African Army Service Corps ni Keya. Aliyeshika sururu kuchimba barabara ni Keya. Mpiga mzinga naye ni Keya. Waingereza walikuwa na dhana yao kwamba kuna makabila ya vita na makabila yasiyo ya vita, na watu wa pwani hawakuwekwa juu katika orodha hiyo. Kwa hivyo usishangae ukigundua kuwa mzee wenu alipita Uhabeshi (Ethiopia) nzima akiwa nyuma ya usukani. Hilo halimpunguzii kitu, ila linabadilisha faili utakayofungua.

Nasisitiza kikosi kwa sababu ya namna kumbukumbu zenyewe zilivyoandikwa. Kila kikosi kilichokuwa vitani kilitakiwa kuweka shajara ya vita, siku kwa siku, kwenye fomu ya jeshi namba C.2118. Fomu ina safu za mahali, tarehe, saa, muhtasari wa matukio na viambatisho. Mwandishi wake alikuwa ofisa wa Kizungu, na maofisa wenzake aliwataja kwa majina: huyu amekwenda likizo, yule amerudi kutoka hospitali. Askari wa kawaida aliwahesabu tu, bila majina. Wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa, basi. Mtu anaweza kusoma shajara ya batalioni (kikosi cha askari mia kadhaa) ya babake kutoka Januari hadi Disemba asikutane na jina lake hata mara moja. Inaudhi, na ina haki ya kuudhi.

Hata hivyo, shajara hiyohiyo itakwambia usiku fulani batalioni ililala wapi, mto ulijaa lini, kombania (sehemu ya batalioni) ipi ilitumwa mbele na ipi ilibaki kulinda mizigo, chakula kilichelewa kwa sababu gani. Ukishajua kwamba babu alikuwa kombania fulani ya batalioni fulani, unaweza kumfuata njia nzima bila jina lake kutajwa. Ndiyo maana nasema jina lingoje.

Shajara hizi ziko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, na zimepangwa kwa medani ya vita. Za vita vya kwanza ziko kwenye mfululizo WO 95. Za vita vya pili vya huku kwetu na Uhabeshi zitafute WO 169, za Bukini (Madagascar) ziko WO 174, na za Bama (Burma, sasa Myanmar) WO 172. Kwa hiyo kabla ya kikosi, pata medani, na hapa wazee wa nyumbani wanajua kuliko wanavyodhani.

Mzee akisema babu alikwenda "vita vya Mtaliano", uko mwaka 1940 na 1941. Ni vita vilivyotufikia wenyewe, maana Malindi ilitupiwa mabomu na ndege za Mtaliano mwaka 1940. Jeshi lilitoka Kenya likaingia Kismayu tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25 mwezi huohuo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mzee anayekumbuka jangwa, kiu na malori yaliyokwama mchangani anazungumzia mwendo huo. Akitaja Bukini, ni Madagascar mwaka 1942, vita dhidi ya Wafaransa wa upande wa Vichy, serikali iliyoshirikiana na Wajerumani, na brigedi ya kuanza nayo ni ya 22 ya Afrika Mashariki. Akitaja Wajapani, mvua isiyokoma na matope ya kufika magotini, ni Bama.

Bama ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa hapo unaweza kuwachuja watu mpaka wabaki wachache. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivuka bahari mwaka 1943 ikakaa Ceylon (Sri Lanka), kisha mwaka 1944 ikaingia bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, malaria ikiwaangusha watu pamoja na risasi. Mwanzoni mwa Disemba 1944 ilikuwa Kalewa, kwenye mto Chindwin, na baada ya siku chache wahandisi wakatandika daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154. Divisheni ile ilikuwa na brigedi tatu za askari wa miguu, ya 21, ya 25 na ya 26, kila moja ikiwa na batalioni tatu. Katika batalioni hizo tisa, yenye jina la Kenya ni moja tu, ya 11, ndani ya brigedi ya 25. Nyingine zilikuwa za Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia). Nje ya divisheni kulikuwa na batalioni ya 3, nayo ya Kenya, iliyopigana upande wa Arakan, pwani ya Bama, na brigedi ya 22. Kwa hivyo mjukuu akiniambia babu alikuwa mshika bunduki, aliandikishwa Kenya, na alisimulia habari za daraja kubwa la Chindwin, batalioni ya 11 ndiyo ya kwanza kufunguliwa.

Namba za batalioni nazo zinasema. Tarakimu ya mwisho mara nyingi inafuata batalioni mama: ya 26 na ya 36 ni za Tanganyika kama ya 6, ya 34 na ya 44 ni za Uganda kama ya 4. Kanuni ina vighairi vyake, na ya 11 ndiyo kighairi kinachotuhusu, kwani batalioni ya 1 ilikuwa ya Nyasaland.

Fungueni kasha la bibi. Medali ikipatikana, tazameni ukingo. Za vita vya kwanza zimechorwa namba, jina na kikosi cha mwenyewe, na hapo nusu ya kazi imekwisha. Za vita vya pili walizopewa askari wetu hazikuandikwa jina, kwa hiyo msikate tamaa mkiona ukingo mtupu. Someni maandishi ya katikati ya nyota ya shaba. Nyota ya Afrika ni ya waliohudumu kati ya 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943, Uhabeshi na Somalia zikiwemo. Nyota ya Bama inajieleza. Na kama kuna cheti cha kuachishwa jeshi, hata kikiwa kimeliwa na mchwa nusu, kipigeni picha leo. Namba ya askari iliyomo humo ina thamani kuliko jina.

Maana majina yetu yaliteswa na makarani. Athman wa Lamu anaweza kuwa Othman, Osman au Usuman. Shee akageuzwa Shehe au Sheikh. Mgiriama aliyejiandikisha kwa jina lake na la babake aliwekewa "s/o" (son of, yaani mwana wa) katikati, na Mbajuni wa Faza au Kizingitini akaandikwa Mswahili siku moja na Mwarabu siku nyingine, kutegemea nani ameshika kalamu. Kumbuka pia kwamba vijana wengine walitoroka nyumbani wakajiandikisha kwa jina la kubuni ili baba asiwafuate.

Jina lenyewe, likipatikana, utalipata Nairobi kuliko London. Kew haina mafaili ya askari mmojammoja wa Kiafrika. Kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, lile jengo la Moi Avenue lililokuwa benki, kuna mafaili ya PC (mkuu wa mkoa) wa Pwani na ya maDC (wakuu wa wilaya). Askari wa vita vya pili aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ikaletwa nyumbani kupitia ofisi ya DC, kwa hiyo DC alihitaji kujua namba yake, kikosi chake, na nani apokee: mama, mke au kaka. Kisha zikaja barua. Askari aliye mbali alimwandikia DC kuhusu mke asiyejibu, shamba lililovamiwa na jirani, pesa zilizoliwa na mjomba. Nimesoma mengi ya vita, na hakuna yanayonikalisha kitini kama barua hizo. Anayetafuta mtu wa Malindi asiishie Malindi, afungue na za Kilifi. Wa Lamu aangalie na za Mto Tana.

Kama hakurudi, njia ni fupi zaidi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti, na hapo majina ya askari yapo. Wasio na kaburi waliokufa upande wa Uhabeshi na Bukini wako kwenye mnara wa makaburi ya vita ya Nairobi, na wa Bama kwenye mnara wa Taukkyan. Ikiwa hadithi ya nyumbani ni kwamba alizama, angalieni tarehe 12 Februari 1944 kabla ya kitu kingine chochote. Siku hiyo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, na watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Nao pia wameandikwa Nairobi.

Wapo wanaoniuliza kama karatasi hizi zitaleta fidia, hasa baada ya habari za mwaka 2019 kwamba askari Waafrika walilipwa kiinua mgongo kidogo kuliko wenzao Wazungu kwa sababu ya rangi. Nawajibu wazi: shajara ya vita haithibitishi malipo ya mtu. Anayekudai ada akuahidi pesa za Mwingereza kwa kutumia shajara, muage.

Ukiwa na ndugu London, mwambie ajiandikishe kupata kadi ya msomaji pale Kew. Akiwa nayo, kupiga picha kurasa kwa simu yake ni bure. Mpe namba ya batalioni, mwaka na mfululizo, si jina la babu. Na mwambie asiache viambatisho vya nyuma, kwa kuwa ramani na amri za mapigano ziko huko, na wavivu huwa hawavifikii.