Je, wajua kwa nini mwangwi uliwagawa wapiga gitaa wa muziki wa serfu?

Mwaka 1963 The Bel-Airs, bendi ya vijana wa eneo la Los Angeles, ilivunjika. Wapiga gitaa wake wawili, Paul Johnson na Eddie Bertrand, walikuwa wameshindwa kuelewana juu ya kifaa kimoja: kisanduku cha mwangwi cha Fender. Bertrand alikitaka, Johnson hakukitaka. Bertrand akaenda kuunda bendi yake, Eddie & the Showmen, akaipa jina la amplifaya ya Fender Showman.

Muziki wa serfu ni muziki wa gitaa la umeme, mara nyingi bila kuimba, uliozuka kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1960 kati ya vijana waliokuwa wakishinda baharini wakiteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Leo ukiwauliza wengi alama yake ni nini, watakutajia mwangwi. Lakini muziki ulitangulia, kisanduku kikafuata. "Mr. Moto" wa The Bel-Airs na "Let's Go Trippin'" wa mpiga gitaa Dick Dale, zote za 1961, zina gitaa kavu kabisa, yaani bila mwangwi. Dale mwenyewe, aliyekuwa akijaza ukumbi wa Rendezvous kule Balboa, alisema mara nyingi kwamba mwangwi aliutafuta kwa ajili ya sauti yake ya kuimba. Kwake yeye serfu ilikuwa nyuzi nene na mkono wa kulia unaochapa bila kupumzika. Baba yake alikuwa na asili ya Lebanoni, na uchapaji ule ulitokana na tarabaki, ngoma ya Kiarabu aliyojifunza kuipiga utotoni.

Sasa, kisanduku chenyewe hufanya nini? Ndani yake mna springi ndefu za chuma zilizotandazwa. Umeme wa gitaa hutikisa springi upande mmoja, mtikisiko husafiri hadi upande wa pili, hugeuzwa kuwa umeme tena, na sehemu yake hurudi nyuma na kwenda mbele mpaka uishe nguvu. Utamu uko hapa: kwenye springi, sauti nene na nyembamba hazisafiri kwa mwendo mmoja. Nene hufika kwanza, nyembamba huchelewa kidogo. Kwa hiyo mchapo mmoja mfupi, hasa ukizima uzi kwa kiganja karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoegemea juu ya mwili wake, hutoka umevutika kuelekea juu, kama tone la maji linaloangukia mtungini.

Kisanduku kile, kilichoanza kuuzwa 1961, kina vidude vitatu vya kuzungusha, na ladha za watu hutengana hapo. Kimoja huamua springi zitikiswe kwa nguvu kiasi gani, kingine huchanganya sauti kavu na yenye mwangwi, cha tatu hurekebisha ung'avu wa mwangwi. Amplifaya nyingi zenye springi ndani yake zina kidude kimoja tu, cha kiasi. Ndiyo maana wanaopenda gitaa lililolowa chepechepe hushikilia kisanduku cha pembeni: kinakaa kati ya gitaa na amplifaya, na springi zake unaweza kuzisukuma hadi zilie.

Kwa masikio yangu, ugomvi wa Johnson na Bertrand ulikuwa na msingi. The Bel-Airs walipiga magitaa mawili yanayojibizana, moja likiingia penye nafasi iliyoachwa na jingine. Mwangwi mwingi huziba nafasi hizo, na majibizano yakapotea. Lakini gitaa moja linapoongoza peke yake, huku mengine yakishika mapigo tu, mwangwi hulipa upana ambao gitaa kavu halina. Nisikilizapo "Pipeline" wa The Chantays siwezi kuufikiria bila unyevu ule.

Ukitaka kupima ladha yako, anza na "Mr. Moto", kisha weka "Squad Car" wa Eddie & the Showmen, ambao Bertrand aliupiga kwa mwangwi tele. Aliyeutunga ni Paul Johnson.