Kulipia Google hakukupandishi, na kuacha kulipa hakukushushi

"Tulipie Google miezi mitatu, tupande juu, halafu tuache kulipa." Kauli hii naisikia Nairobi kuanzia Westlands hadi Industrial Area, na upole wa kuijibu umeniishia. Matangazo ya kulipia hayaipandishi tovuti yako hata nafasi moja katika matokeo yasiyolipiwa. Google wenyewe wamelisema hilo waziwazi. Tangazo huingia mnadani kila mtu anapotafuta kitu: kiasi ulicho tayari kulipa hupimwa pamoja na ubora wa tangazo na wa ukurasa anaotua mteja. Matokeo ya kawaida, ambayo kazi ya kuyapanda huitwa SEO, hayana mnada. Ni mitambo miwili inayopanga ukurasa mmoja.

"Lakini sisi tulipoacha kulipa, SEO yetu ilianguka!" Najua, na ripoti umeichapisha kabisa. Basi tukae hapa kidogo, maana ubishi wote uko hapa.

Mtu akibofya tangazo la Google, anwani ya ukurasa huongezewa mkia unaoanza na gclid. Mkia huo ndio unaoiambia Google Analytics, zana ya kuhesabu wageni wa tovuti, kwamba mgeni huyu amelipiwa. Sasa chukulia uwekaji alama wa kiotomatiki umezimwa kwenye akaunti ya Google Ads (ile ya matangazo) na hakuna aliyeweka alama za utm, yaani mikia ya kuandika kwa mkono. Au alama zipo, lakini tovuti inamsogeza mgeni kutoka anwani isiyo na www kwenda yenye www, na mkia unakatikia njiani. Analytics inamwona mtu aliyetoka Google bila risiti, inamwandika miongoni mwa waliokuja bure. Miezi mitatu nzima grafu ya SEO inapaa, mnapongezana. Siku mnayozima tangazo, grafu inaporomoka. Kumbe hakuna nafasi iliyopotea. Mliacha tu kununua wageni ambao ripoti ilikuwa ikiwahesabu kimakosa.

Kulichunguza hili hakuchukui dakika tano. Andika anwani ya tovuti yako kwenye kivinjari, ongeza ?gclid=jaribio mwishoni, bonyeza enter. Ukurasa ukishafunguka, tazama kama mkia bado upo pale juu. Ukipotea, mpigie aliyetengeneza tovuti. Rudia kwa kila ukurasa unaotumika kwenye matangazo, kwa sababu tovuti moja inaweza kuutunza kwenye ukurasa wa mwanzo na kuukata kwenye kurasa za ndani.

Kisha fungua Search Console, zana ya Google ya kupima matokeo yasiyolipiwa, ambayo haihesabu mibofyo ya matangazo hata kidogo. Linganisha wiki nne kabla ya kuzima na wiki nne baadaye. Mstari ukiwa palepale, hamkushuka. Ukiwa umeshuka kweli, tafuta sababu za kweli: tovuti ilifanyiwa ukarabati, anwani za kurasa zikabadilika na hakuna aliyeweka uelekezaji wa 301 unaompeleka mgeni kwenye anwani mpya, au fundi alisahau kuondoa agizo la noindex (linaloizuia Google kuonyesha ukurasa) alilotumia wakati wa ujenzi, au ni msimu tu. Na tafadhali, nafasi yako usiipime kwa kujitafuta kwenye simu yako mwenyewe ukiwa umekaa ofisini. Google inajua uko wapi na huwa unafungua nini. Ukitafuta tangazo lako kila saa bila kulibofya, unaliongezea idadi ya kuonekana bila mbofyo, jambo linaloliharibia alama za ubora. Kuna zana ya kukagua tangazo ndani ya akaunti ya Ads. Itumie hiyo.

Kero ya pili ni ndugu wa ile ya kwanza: ripoti inayosema matangazo yanaleta wateja kwa bei ya kutupa, kumbe nusu ya mibofyo ni ya watu walioandika jina la kampuni. Aliyeandika jina lako anakutafuta wewe. Kumtoza mwenye duka kwa mteja ambaye tayari ameshika kitasa cha mlango ni biashara nzuri, ila ni nzuri kwa Google. Mwaka 2012 eBay walizima matangazo ya jina lao kwenye injini za utafutaji za Yahoo na MSN nchini Marekani, na asilimia 99.5 ya mibofyo ile ikarudi kupitia matokeo yasiyolipiwa. Utafiti huo wa Blake, Nosko na Tadelis ulichapishwa mwaka 2015, na watu wengi huutaja nusu tu. Nusu ya pili inasema wateja wapya na wale wa mara chache walisukumwa kweli na matangazo ya maneno mengine yasiyo jina. Wazoefu ndio waliokula bajeti bure.

Je, ufanye kama eBay? Si moja kwa moja. eBay inajulikana na kila mtu. Kampuni yako ya kuhamisha nyumba pale Ruaka haijulikani hivyo, na mshindani anaruhusiwa kununua jina lako kama neno la kutafutia. Kwa hiyo jaribu. Zima maneno ya jina kwa wiki mbili za katikati ya mwezi, kisha tazama Search Console kama mibofyo ya jina imepanda kufidia. Ikifidia na hakuna mshindani aliyejitokeza juu yako, achana nayo. Akijitokeza, rudisha jina kwa ulinganisho kamili (tangazo limtokee anayeandika jina lenyewe tu) na bajeti ndogo, kwenye kampeni yake peke yake, lisichanganywe na mengine. Kampeni za Performance Max, ambazo Google hupanga yenyewe pa kuonyesha tangazo, ndizo zinazonichosha zaidi: hujichotea watafutaji wa jina lako na kujisifu kwa mauzo hayo, mpaka uweke orodha ya majina ya kutengwa. Nakiri pia kwamba kwa biashara ndogo wiki mbili hutoa namba chache, na mvua moja kubwa inaweza kuvuruga jaribio lote. Hata hivyo ni bora kuliko kuamini ripoti ya anayelipwa kwa asilimia ya matumizi yako.

Sasa, vitu hivi viwili vinasaidianaje? Kwa taarifa. Ripoti ya maneno yaliyotafutwa kwenye Ads inakuonyesha watu walichoandika kwa mikono yao, na kipi kilizaa ujumbe. Haionyeshi yote, kwani tangu 2020 Google huficha mengi yenye watafutaji wachache, lakini yanayobaki ni dhahabu. Wewe unanunua "movers in Nairobi". Wao wanaandika "canter ya kuhama Rongai", "bei ya kuhamisha bedsitter", na pia "kazi ya turnboy" (kibarua wa lori). Hilo la mwisho liweke kwenye maneno ya kuzuia leo hii. Mawili ya kwanza yajengee kurasa zenye bei halisi: bedsitter kiasi gani, vyumba viwili kiasi gani, ghorofa ya nne isiyo na lifti inaongeza nini. Kurasa nyingi za ushindani zimejaa "tunatoa huduma bora" na hakuna namba hata moja. Ukurasa huohuo, ukifunguka haraka kwenye simu ya bei nafuu, unaweza kukupunguzia bei ya kila mbofyo kwenye mnada. Hapo tu ndipo kazi ya SEO inapougusa upande wa kulipia, na ni kutoka huku kwenda kule.

Kuhusu mgawanyo wa bajeti, wanaouza kanuni ya sabini kwa thelathini wanauza hirizi. Anza na hesabu yako. Tuseme kazi moja ya kuhamisha inakuachia faida ya shilingi 6,000 kabla ya tangazo. Kati ya wanne wanaokuandikia, mmoja analipa. Ujumbe mmoja basi usizidi 1,500, na hapo bado hujala chochote. Kama katika mibofyo kumi mmoja hukuandikia, mbofyo usizidi 150, na mwenye akili atasimama kwenye 80. Ukiwa na shilingi 500 kwa siku, hiyo ni mibofyo sita. Usiisambaze kwa maneno arobaini. Chagua matatu ya mtu mwenye haraka. Na usishtuke siku moja ikila 1,000: Google huruhusu hadi mara mbili ya bajeti ya siku, ila kwa mwezi haizidi mara 30.4 ya bajeti hiyo ya siku.

Nairobi watu huhama kuanzia tarehe 27 hivi hadi tarehe 5, kodi inapodaiwa. Fedha za tangazo ziweke hapo, katikati ya mwezi punguza. Kurasa za bei hazina swichi ya namna hiyo: huandikwa mapema na kuachwa zikomae, na anayekuahidi zitakomaa baada ya wiki ngapi anabahatisha. Kabla ya kuwasha chochote, ondoa tiki kwenye mtandao wa matangazo ya picha, na kwenye mipangilio ya eneo chagua watu waliopo Nairobi, si wale "wanaovutiwa" nayo. Chaguo la pili ndilo huja limewekwa, na ndilo linalokuletea mibofyo kutoka Manchester.

Kupima kwetu kuna shimo moja kubwa: mauzo hufungwa kwenye WhatsApp na hulipwa kwa M-Pesa, mahali ambapo Analytics haioni. Kuhesabu kitufe cha WhatsApp kilichobofywa ni afadhali, lakini wengi hubofya na wasiandike. Ninachopendekeza ni kuweka ujumbe ulioandikwa tayari kwenye kila kiungo cha wa.me. Ujumbe wa ukurasa wa tangazo uwe "Habari, naomba bei ya kuhama, T1", na ule wa ukurasa wa bei usiolipiwa uwe huohuo ila uishe na "B1". Anayepokea simu aingize msimbo huo kwenye lahajedwali pamoja na kiasi kilicholipwa. Wengine wataufuta kabla ya kutuma. Wachache, si tatizo. Ukimuuliza mteja alikupata wapi atakwambia "Google", na hilo halikusaidii chochote.

Jambo la mwisho, kwa wanaoajiri wakala: akaunti ya Ads, Search Console na wasifu wa biashara kwenye ramani zifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni yako, wakala aongezwe kama msimamizi. Mkiachana unamwondoa, na miaka yako ya maneno yaliyotafutwa inabaki kwako.