Ukinunua redio, hujanunua masafa

Kila kituo cha redio kinapobadilisha mmiliki hapa Dar es Salaam, vijiweni husikika kauli ileile: tajiri kanunua masafa, sasa ni yake, atarusha atakacho. Imani hii ni ya zamani, na si kweli.

Mnunuzi hupata hisa za kampuni, mitambo, studio, jina na mikataba ya matangazo. Masafa ni rasilimali ya taifa. Bendi ya FM inaanzia megahezi 87.5 na kuishia 108, kwa hiyo nafasi katika jiji kubwa kama hili ni chache, na hiyo ndiyo sababu dola haiyaachi yauzwe kama kiwanja. Kituo hupewa ruhusa ya kuyatumia kwa muda, kwa masharti.

Msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Leseni haihamishwi bila idhini yake. Mamlaka hutaka kujua nani hasa anashika kampuni, na masharti ya leseni humfuata mmiliki mpya yalivyo. Muungano mkubwa wa kampuni hupita pia Tume ya Ushindani.

Kwa hiyo kipindi unachokipenda kikiondolewa, huenda ni uamuzi wa biashara tu. Lakini kukiwa na matusi au uchochezi hewani, mlalamikie mmiliki mpya kama ulivyoweza kumlalamikia wa zamani. Kamati ya Maudhui ya TCRA ipo kwa ajili hiyo.